Mlango Bila Nyumba

Nyumba ni vazi la pili la mtu. Vazi la kwanza humsitiri akiwa njiani, na la pili humsitiri akiwa na watu wake. Na kama ilivyo halali kwa mtu kuchagua nguo impendezayo, ndivyo ilivyo halali kwake kutaka chumba chake kipendeze macho. Hapana lawama kwa kijana aliyepata mshahara wa kwanza akatamani kutundika kitu kizuri ukutani, wala kwa bibi arusi apitaye duka hadi duka akitafuta namna ya kuupamba ukumbi wake. Tamaa hiyo ni kongwe kama ukuta wenyewe. Lawama huanza pale uzuri wa nyumba moja unapolipiwa kwa ubovu wa nyumba nyingine, na mwenye kulipa gharama ya kweli hayupo dukani kutoa neno lake.

Mitaa ya Hurumzi na Gizenga, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ina maduka ambayo mpita njia hawezi kuyapita bila kugeuza shingo. Ndani yake mna makasha yenye vipande vya shaba na misumari iliyopangwa kama nyota. Mna vitanda vya nguzo vyenye miguu iliyokerezwa, vioo vyenye fremu nyeusi, taa za vioo vya rangi, saa za ukutani zilizonyamaza tangu zamani, madele ya kahawa, mabakuli na sahani za maua. Mombasa nayo ina maduka ya namna hiyo katika Mji wa Kale, kando ya Ndia Kuu. Mtu huingia kwa nia ya kutazama tu, na baada ya saa moja hutoka na chumba kizima kichwani mwake: kasha litakaa hapa, taa itaning'inia pale, na bakuli la samawati litapokea mwanga wa dirisha. Furaha hiyo ni safi, na asiyepata kuionja amekosa moja ya starehe za mji.

Lakini nyuma ya makasha, umeegemezwa ukutani au umelazwa sakafuni, aghalabu pana mlango. Nakshi zake zimejaa vumbi, mguu wa mwimo wake umeoza kidogo, na chokaa ya ukuta ulikotoka bado imeshika ubavuni. Mnunuzi huambiwa kwamba ukiwekewa miguu minne na kioo juu yake utakuwa meza ambayo wageni hawataisahau. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mlango huo hujiuza kweli. Hapana aulizaye ulitoka nyumba gani, wala kama nyumba hiyo bado ina watu.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo shina la shauri lote. Duka la vitu vya kale ni darasa. Anayeingia kujifunza hutoka tajiri, na duka halipungukiwi na kitu. Anayeingia kununua milango, miimo na mabakuli yaliyong'olewa huwa ameagiza kwa fedha yake kwamba nyumba nyingine ivunjwe, ingawa mikono yake ni safi na hakupata kushika mtaimbo maisha yake yote.

Ili kuujua uzito wa jambo hili yafaa kutazama mlango wa pwani ulivyofanywa. Haukuwa kifuniko cha tundu. Una miimo miwili iliyosimama. Una kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi ndicho kilichobeba nakshi bora kuliko sehemu nyingine. Na una kizingiti cha chini ambacho mgeni hukivuka kwa kuinua mguu. Mbao zake ni mbili: moja huitwa dume na nyingine jike, na mfaa uliopigiliwa katikati huziba mwanya wao. Mbao hizo hazikutundikwa kwa bawaba, bali huzunguka juu ya vigingi vilivyoingia katika matundu ya vizingiti. Kwa hiyo mlango na fremu yake ni kiungo kimoja, na fremu imeshikwa na ukuta wa matumbawe na chokaa kama jino lilivyoshikwa na ufizi.

Jino haling'oki bila damu. Anayetaka mlango kamili, pamoja na miimo na kizingiti chake, hana budi kuuchimba ukuta pande zote. Mawe yaliyokuwa yakilala juu ya kizingiti hupoteza tegemeo. Tundu likizibwa kwa mabati au kwa matofali ya saruji, pembeni hubaki nyufa, na nyufa hukaribisha mvua. Maji yakipata njia ndani ya ukuta wa chokaa hula kidogo kidogo. Boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu huanza kuoza mahali zilipopenya ukutani, yaani mahali ambapo jicho halioni. Masika ya mwaka wa kwanza hupita salama, na ya pili pia. Ukuta uangukapo, watu husema nyumba imekufa kwa uzee, na hakuna amkumbukaye mgeni mpole aliyeupenda mlango.

Hasara haikomi kwenye mawe. Nje ya mlango pana baraza ambapo mwenye nyumba hukaa alasiri, wapita njia wakamwamkia, na habari za mtaa zikapimwa. Mlango ndio uliotenga baraza ya watu wote na ndani ya watu wachache. Ndio uliobishwa hodi. Ndio uliopitishwa maharusi na majeneza. Juu ya vizingiti vingi iliandikwa aya ya Kurani au tarehe ya Hijra, ili kila aingiaye apite chini ya maneno hayo. Kizingiti hicho kikigeuzwa rafu ya hoteli, neno lililowekwa juu ya vichwa vya watu huwekwa chini ya chupa na vikombe. Huenda mnunuzi hajui kusoma maandishi yale. Kutojua kwake humwondolea kosa la dharau. Hakumwondolei kosa la kuchukua asichokijua.

Pwani hii imekwisha kuona mwisho wa safari ya namna hiyo. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, pana makaburi ya nguzo ambayo wajenzi wake waliyapamba kwa mabakuli ya China yaliyopachikwa katika chokaa. Bakuli moja moja liliondoka, na leo mgeni wa mahali pale huona matundu ya duara, kama macho yaliyotolewa. Kila bakuli lililobanduliwa lilikuwa zuri, na yamkini kila mmoja aliyelibandua alilipenda. Jumla ya mapenzi hayo yote ni kaburi pofu.

Wapo wenye kujitetea, na haki ni kusikiliza utetezi wao mmoja baada ya mwingine.

Utetezi wa kwanza ni wa asili. Mpambaji husema kwamba amechoshwa na viti vya plastiki na makochi yafananayo kutoka mji hata mji, naye anataka chumba chake kiseme habari za pwani. Mwacha asili ni mtumwa, husema, akidhani methali hiyo ni hati ya kununulia. Nia yake ni njema, lakini na itazamwe asili anayouziwa. Muuzaji humwambia kwamba misumari mikubwa ya shaba iliwekwa ili tembo wasiubomoe mlango. Naye haulizi ni tembo gani aliyepata kupita katika vichochoro vya Shangani. Huonyeshwa mnyororo uliochongwa pembeni, akaambiwa mwenye nyumba aliuza watumwa. Huonyeshwa samaki, akaambiwa ni dua ya kizazi. Huenda baadhi ya maelezo hayo yana chembe ya kweli. Lakini maana ya nakshi hujulikana kwa kulinganisha mlango na mlango, mtaa na mtaa, mwaka na mwaka. Judith Aldrick alipoandika katika jarida la Azania mwaka 1990 juu ya milango ya kuchongwa ya karne ya 19, alikuwa na mengi ya kulinganisha kwa sababu milango mingi ilikuwa bado imesimama mahali pake. Mwanachuo wa kesho atalinganisha nini, ikiwa nusu ya ushahidi imekuwa meza katika vyumba asivyovijua? Mlango uliotengwa na mtaa wake hauna tena asili. Una hadithi ya dukani tu.

Na hata hiyo asili yenyewe si kama ipendavyo kuelezwa. Kasha liitwalo la Kizanzibari, ambalo wapambaji hulitaja kama moyo wa pwani, kwa sehemu kubwa lilifanywa Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mengine yalitoka Ghuba ya Uajemi. Ndugu yake hukaa katika nyumba za Oman kwa jina la mandusi. Viti vingi vya mti mweusi viliagizwa Bombay. Viti vya mbao zilizopindwa kwa mvuke vilitoka katika viwanda vya Austria. Sahani za maua zilizopamba kuta za majumba ya karne ya 19 zilifinyangwa kwa wingi Maastricht, katika nchi ya Uholanzi. Milango nayo ilibadilika: ile ya zamani ina kizingiti kilichonyooka, na mingi ya mwisho wa karne hiyo ina tao juu, kwa kuathiriwa na mafundi na mitindo ya Kihindi. Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya miji ya bandari ya Waswahili, ameonyesha jinsi watu wa pwani walivyothamini vitu vilivyotoka mbali na kuvifanya sehemu ya fahari ya nyumba zao. Basi anayenunua kasha la Surat akidhani ameinunua asili ya Unguja amenunua mzigo ulioteremshwa bandarini.

Je, pwani haikuwa na chake? Ilikuwa nacho, nacho hakiuzwi dukani kwa sababu hakibebeki. Kilikuwa mpango. Nyumba ya zamani ya Lamu humpokea mgeni katika daka, ikampitisha tekani ambapo njia hupinda ili jicho la mtaani lisifike ndani, ikamtoa kiwandani kwenye mwanga, kisha misana ikafuatana, chumba nyuma ya chumba, mpaka ndani kabisa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa maana boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa. Na mwashi aliyefungwa na urefu wa mti alijikomboa kwa nakshi. Alichonga zidaka katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, ili ukuta uliokuwa karibu uonekane una kina, na kila kidaka kikapewa chombo chake: bakuli hapa, kitabu pale. Bakuli lilitoka China, lakini kidaka kilitoka Lamu. Kipimo cha kidaka, kimo chake juu ya sakafu, nafasi baina yake na mwenziwe, na kivuli kinachoangukia ndani yake alasiri, hivyo ndivyo vilivyokuwa mali ya pwani. Usam Ghaidan, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, alipima na kuchora nyumba hizo. Hakuhitaji kung'oa kitu ili aelewe.

Basi anayetaka chumba chake kiseme habari za pwani na achukue mpango, aache mlango. Mpango huigwa bila kumpunguzia mwenyewe hata punje. Nyumba ya matofali Kigamboni au Nyali yaweza kuwa na zidaka vinne katika ukuta wa sebule. Yaweza kuwa na baraza mbele na njia ipindayo kabla ya ukumbi. Na mwenye nyumba huyo atakuwa ameirithi Lamu kwa haki kuliko tajiri aliyelaza kizingiti cha Pate chini ya kioo.

Mfano mmoja wa kale unafaa kukumbukwa. Sayyid Barghash bin Said alipelekwa Bombay mwaka 1859, baada ya kushindwa katika jaribio lake la kumwondoa nduguye Majid. Akaishi huko kama mtu aliyefukuzwa kwao, akaona mji wenye majumba, bustani na mifereji. Alitawala Unguja tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, na mwaka 1875 alifika Uingereza. Mwaka 1883 lilisimama Beit-al-Ajaib, jumba lenye nguzo za chuma kutoka ng'ambo na milango mikubwa yenye nakshi na aya za Kurani. Utajiri wake ulitoka katika karafuu na jasho la watumwa, na hapana haja ya kumfanya mtakatifu. Mfano wake unatosha katika jambo moja: aliyoyaona kwa wengine yalimtia hamu ya kujengesha na kuchongesha kipya nyumbani kwake. Hivyo ndivyo macho yachumavyo.

Utetezi wa pili una nguvu kuliko wa kwanza, kwa kuwa ndani yake mna kweli. Husemwa kwamba mnunuzi ni mwokozi. Nyumba za Mji Mkongwe zinaanguka. Mlango ukiachwa utaoza au utapasuliwa kuwa kuni. Afadhali ukae katika nyumba ya mtu anayeujali. Ni kweli kwamba nyumba zinaanguka. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wenyewe wengi waliondoka, majumba yakapita mikononi mwa serikali, na familia nyingi zikawekwa katika nyumba zisizokuwa zao wala zisizoweza kuzitengeneza. Nyumba nyingine ni za wakfu, na kodi yake haitoshi hata chokaa. Beit-al-Ajaib lenyewe, lililokuwa likitazamwa na dunia, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Asemaye kwamba hali ni njema anasema uongo.

Lakini mwokozi wa kweli hujulikana kwa kitu anachokiokoa. Mlango uliotolewa katika kifusi una haki ya kuhifadhiwa, na mahali pake pa kwanza ni nyumba nyingine ya mtaa ule ule iliyopoteza mlango wake, au jumba la makumbusho. Mlango uliotolewa katika nyumba iliyosimama haukuokolewa, umetekwa. Na dukani hivyo viwili havitengwi. Vyote viwili vina vumbi moja, vyote huuzwa kwa bei moja, na muuzaji husema vyote vilitoka katika magofu. Bei iliyolipwa kwa mlango wa kifusi ndiyo inayomfundisha mpangaji wa nyumba nzima kwamba usiku mmoja na mafundi wawili vyaweza kumpa fedha za mwaka. Kila mwokozi anayenunua bila kuuliza humwita mvunjaji kazini.

Na maskini anayeuza? Hapa lawama yapasa kutulia. Mjane mwenye watoto na paa linalovuja, anayeletewa fedha asizopata kuziona, hana kosa la kulinganishwa na la mwenye fedha hizo. Warithi kumi wasioelewana katika nyumba moja huona mlango ndicho kitu pekee kinachogawanyika upesi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anauza historia ni kumhubiria mwenye njaa juu ya adabu za mezani. Neno lote ni la mnunuzi, kwa maana yeye ndiye mwenye hiari. Kama anaupenda mlango kama asemavyo, fedha ile ile ingeweza kununua chokaa, boriti na siku za mwashi, na mlango ukabaki mahali pake ukipendwa. Mapenzi yake hayafiki huko, kwa sababu mlango uliobaki Hurumzi hauwezi kuonekana na wageni wake wa chakula cha jioni.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa Tanzania Bara, iliweka katika ulinzi milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Lakini sheria ni komeo, na komeo hufungwa na mkono wa mtu. Heshima ya dunia nayo ina makali mawili: jina la mji likivuma, wageni huongezeka, hoteli hujengwa, na kila hoteli hutaka mlango wa kale mbele na kasha la kale chini ya ngazi. Hivyo wale wanaosafiri mbali ili kuuona mji ndio wanaopangiwa vyumba vilivyopambwa kwa vipande vyake. Samaki hupikwa kwa mafuta yake mwenyewe.

Utetezi wa tatu ni wa ufundi. Husemwa kwamba kazi ya siku hizi haifikii ya zamani: mbao ni mbichi, nakshi hazina kina, fundi ana haraka. Mara nyingine ni kweli. Lakini aliyeondoa chakula mezani asimcheke mwenzake kwa kukonda. Mchonga mlango hukua kwa maagizo. Mkono wake hupata utulivu katika mlango wa kumi, na mwanafunzi wake hujifunza kwa kukaa karibu naye miaka, akinoa patasi, akishika bikari, akifuta vumbi la msumeno. Fedha zikienda kwa mfanya biashara wa milango iliyong'olewa, haziendi kwa fundi huyo. Na mwanawe hufanya hesabu ya akili, akaenda kuendesha pikipiki. Lamu bado ina karakana ambamo milango huchongwa kwa mikono, na Unguja vile vile. Ziko hai kwa sababu wapo watu walioagiza kipya badala ya kununua kikongwe. Laiti wanunuzi wote wa miaka hii wangalifanya hivyo, hapana shaka malalamiko ya haraka na mbao mbichi yangalipungua.

Kuna na uovu mdogo ambao umezaliwa na tamaa ya ukongwe. Kitu kipya hupigwapigwa, hupakwa dawa na vumbi, hutobolewa matundu kama ya mchwa, kisha huuzwa kuwa cha babu. Fundi aliyekichonga kwa siku nyingi hulazimika kulikana jina lake ili kazi yake ipate bei. Ni aibu gani kubwa kuliko hiyo kwa ufundi wa nchi, kwamba mtu alipwe zaidi kwa kujificha kuliko kwa kujitaja? Mpambaji mwenye busara na aagize kipya, kiitwe kipya, kichongwe mwaka wake na jina la aliyekifanya. Baada ya miaka mia kitakuwa cha kale kwa haki.

Basi na aende dukani, na aende mara nyingi. Lakini na achukue kalamu, karatasi na utepe wa kupimia. Na apige goti atazame kasha kwa chini, aone jinsi pembe zilivyofungamanishwa. Na ageuze sahani asome alama ya mgongoni, ajue ilisafiri kutoka wapi. Na apime kimo cha kiti na upana wa mgongo wake, na achore ua moja la mlango mpaka aelewe linaanzia wapi na kuishia wapi. Na aulize kila mara: kitu hiki kilitoka nyumba gani? Muuzaji mwaminifu atajibu, na wapo waaminifu. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu. Kisha na atoke na karatasi yake, aende kwa seremala, kwa mwashi, kwa msusi wa mikeka. Akitaka kununua cha kale, vipo vingi visivyoacha jeraha: saa, taa, birika, kasha lililokuwa likihama na wenyewe tangu siku lilipofanywa. Kitu kilichoumbwa ili kichukuliwe hakidhulumiwi kwa kuchukuliwa. Kilichojengwa ukutani na kiachwe ukutani.

Mwanafunzi asiyekuwa na fedha ya kasha wala ya kuagiza mlango asidhani kwamba shauri hili halimhusu. Chumba chake cha bweni chaweza kupambwa kwa mkeka wa ukindu uliosukwa na mwanamke ambaye yu hai, anayejua jina la kila rangi na kila mstari. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na mbacha huo, ulio chini ya miguu ya watu wengi na machoni pa wachache, una hesabu na mpango usiopungua ule wa mlango. Leo mwanafunzi huyo ana kitanda na meza. Baada ya miaka kumi atakuwa na nyumba, na baada ya ishirini huenda akawa mwenye hoteli, au mwenye kutunga sheria. Jicho alilolifundisha katika chumba kidogo ndilo atakaloingia nalo katika duka kubwa.

Kuna nyumba katika miji hiyo ambazo mlango wake ulikwisha kwenda. Mahali pake pamewekwa bati lenye kufuli, na jioni mwenye nyumba hukaa barazani kama zamani. Mgeni akija, hutafuta mahali pa kubisha; bati hupiga kelele, na wenyeji humwambia apite tu. Nchi nyingine, katika chumba chenye taa laini, watu waliovaa vizuri wamezunguka meza wakiusifu mlango ule. Wanauliza samaki maana yake nini, na mwenye nyumba anawaeleza habari za tembo.